Fundi Aliyetoboa Jina Lake Kwenye Kinanda

Watu wakimkumbuka marehemu huanza na upole wake. Mimi nikianza hapo nitakuwa nimesema uongo kabla mstari wa kwanza haujaisha. Fundi hakuwa mpole. Alikuwa na ndevu nyeupe zilizofungwa vizuri, kilemba cha buluu kilichokaa sawasawa hata akiwa amelala chali chini ya meza, na mdomo ambao ungegombana na mvua ya Birmingham mpaka mvua iombe radhi. Nilikaa naye mtaa mmoja kule Saltley kwa miaka mingi, nyumba ya pili kutoka kwake, na sikumsikia hata siku moja akisema "labda".

Mimi si mtu wa shule, niseme mapema. Nilitolewa darasani nikiwa mdogo nikalee wadogo zangu, kwa hiyo ukiniona naruka huku na huku, nivumilie, ndivyo ninavyozungumza. Uingereza nililetwa na Wazungu niliokuwa nawalelea watoto Voi. Watoto wakakua, wakapelekwa shule za kulala huko huko, mimi nikabaki kama beseni ambalo mtoto hatoshei tena. Nikapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, Bordesley Green. Joto la zile mashine ndilo kitu pekee cha nchi ile kilichonikumbusha kwetu.

Fundi nilimjua dukani, Alum Rock Road. Nimesimama natafuta unga wa ugali, nyuma yangu nikasikia mtu akimfokea mwenye duka: "Hii hapana unga, bwana! Hii vumbi! Wewe nauza vumbi?" Kwa Kiswahili kabisa. Mwenye duka alikuwa Mpakistani, hajui hata "jambo".

Nikageuka. "Baba, huyo hakusikii."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Lakini wewe nasikia. Basi natosha."

Baadaye nilielewa ndiyo tabia yake. Akikasirika, Kiingereza kilimkimbia. Kipunjabi alikiheshimu mno, hakutaka kukichafua kwa matusi. Kilichobaki ni Kiswahili, kile cha karakana ya reli Nairobi, ambako alikuwa seremala wa mabehewa mpaka walipoambiwa wachague kuwa raia wa wapi. Akaja na mkewe na watoto mwaka wa sitini na nane, na sanduku la randa na patasi ambalo hakuruhusu mtu wa ndege alibebe.

Niseme ukweli mwingine. Kule Kenya asingeniketisha sebuleni kwake, na mimi nisingetaka kuketi. Wao walikuwa huku, sisi kule, Mzungu juu yetu sote. Saltley ilitutupa wote kwenye baridi moja. Mkewe aliponiita ndani mara ya kwanza alisimama mlangoni kidogo, kama mtu anayehesabu moyoni, kisha akasema, "Ingia, dada, chai iko." Hatukuzungumza lile la nyuma. Tulikunywa chai.

Sasa sebule yenyewe. Hapakuwa na sebule. Palikuwa na maranda ya mbao mpaka vifundoni, gundi ikichemka kwenye sufuria, na katikati kitu chenye umbo la bawa la ndege, kimesimama kwa miguu myembamba. Nikadhani ni meza iliyopinda.

"Hii spineti," Fundi akasema, kwa kiburi cha mtu anayekuonyesha mjukuu.

Spineti ni kinanda kidogo cha zamani, cha kabla piano haijazaliwa. Ukibonyeza, ndani kijiti kinaruka juu, na ubavuni mwa kijiti kuna kikonyo cha unyoya wa kunguru, kigumu kama ukucha. Hicho ndicho kinachodonoa uzi. Piano hupiga nyuzi zake kwa nyundo, spineti hudonoa kama kuku. Sauti yake nyembamba, kali, haibembelezi mtu. Na jambo moja: ubonyeze kwa nguvu au taratibu, sauti ni ile ile. Fundi alilipenda hilo kuliko yote. "Hii hapana ogopa mtu," aliniambia. "Bwana kubwa napiga, yaya napiga, hii najibu sawasawa."

Alianzaje? Mchana alikuwa kiwandani anapigilia makreti. Mzungu mmoja mwenye duka la vinanda vya kale mjini alisikia kuna seremala Singasinga mwenye mkono mzuri, akamletea spineti iliyovunjika mguu. Fundi akatengeneza mguu kwa dakika chache, kisha akafungua kifuniko atazame ndani, na hapo ndipo alipopotea. Mkewe aliniambia alikaa mbele ya kile kinanda mpaka chai ikaganda utando. Kilipoondoka, akaanza kutengeneza chake.

Cha kwanza kilikuwa aibu, na ninakisimulia kwa raha kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akikisimulia kwa hasira. Seremala wa kwetu akitengeneza kitu cha mbao anamfikiria mchwa. Mbao nene, ngumu, na upande usioonekana unapakwa mafuta machafu ya gari, yale meusi yanayomwagwa gereji, mchwa akinusa arudi kwao. Fundi akatengeneza spineti kwa mikono ya Nairobi. Ule ubao mwembamba wa ndani unaotakiwa kutetemeka ili sauti itoke, yeye akauweka mnene kama mlango wa stoo. Chini akapaka mafuta machafu mara mbili. Siku ya kukijaribu akatuita, akabonyeza. Ikatoka sauti ya mende ndani ya kiberiti.

"Fundi," nikamwambia, "Birmingham hakuna mchwa."

"Leo hapana," akasema. "Kesho wewe najua?"

Cha pili alikipunguza ubao mpaka ukaimba vizuri kabisa. Lakini chini bado alipaka mafuta, kidogo tu. Mkono wake haukuweza kuiacha mbao iende duniani uchi.

Na kwenye cha pili ndiko shida ya maisha yake ilikoanzia. Juu ya vibonyezo vya spineti, mbele kabisa, machoni mwa anayepiga, kuna kibao. Tangu zamani fundi aliyekitengeneza huandika jina lake hapo. Fundi aliandika lake kwa rangi ya dhahabu, herufi za Kizungu, kwa brashi ya nywele chache, ulimi nje kama mtoto. Yule Mzungu mwenye duka la vinanda akakipeleka kuuza. Alisema kimepata mtu, akaleta malipo, mambo yakaisha. Fundi alitembea wiki nzima kifua mbele. Aliniambia: "Sasa Mungereza moja nakaa nyumba yake, kila siku nasoma jina yangu kabla ya kupiga. Lazima nasoma! Iko mbele ya pua!"

Huyu mtu aliyelipenda jina lake hivyo, mimi langu hakulijua. Nilimwambia mara nyingi. Alisema "ndiyo, ndiyo," kisha akaniita Mama Voi. Miaka yote, Mama Voi. Basi asinilaumu huko aliko kwa kumwita Fundi tu.

Wakati mwingine ungemkuta makaburini karibu na reli akiokota manyoya ya kunguru. Hakutaka yale meno ya plastiki ambayo mafundi wengine walikuwa wameanza kuyatumia. Kunguru wa Saltley walimjua. Alikuwa akiwarushia vipande vya chapati, kisha anawasubiri wakigombana, kwa sababu wakigombana manyoya hudondoka. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anaweka maua kaburini alimuuliza kwa ukali anafanya nini mahali patakatifu. Fundi akavua kofia ambayo hakuwa nayo, yaani aligusa kilemba, akajibu kwa Kiingereza safi alichokuwa amekitafuta tangu asubuhi: "Madam, I am shopping."

Na ule mwaka wa migomo, umeme unakatika mchana mchana, redio za mtaa zimekufa, televisheni zimekufa, Fundi alifungua dirisha la mbele kwenye baridi ile ili wote wasikie kuwa kinanda chake hakihitaji serikali. Tatizo hakujua kupiga wimbo hata mmoja. Alijua kukaza nyuzi tu. Kwa hiyo mtaa mzima ulisikiliza mtu akikaza nyuzi saa nzima, ting, ting, ting, mpaka mkewe akafunga dirisha, akisema kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Bora giza na kimya."

Mkewe huyo alitaka kitu kimoja tu: sebule. Viti vyake vizuri vilikuwa vimerundikwa ghorofani chini ya shuka. Wageni aliwapokea jikoni. "Dada," aliniambia, "mimi nimevuka bahari nzima nipate kukaa na gundi?"

Sasa nije kwenye kisa cha mtaa wa Great Barr.

Fundi aliweka kadi kwenye dirisha la duka la magazeti, kwamba anatengeneza vinanda vya kale. Ikampata mama mmoja wa Great Barr, mwenye nyumba nzuri na mbwa mdogo mwenye dharau. Fundi akaniomba niende naye. "Kiingereza yangu nikikasirika nakimbia. Wewe nashika." Mimi Kiingereza nilikipata kwa watoto wa Voi, cha kitoto lakini kinafika.

Tukapewa chai kwenye vikombe vyembamba. Yule mama alikuwa mwema, niseme hivyo. Akatupeleka pembeni mwa sebule, akasema kwa fahari kwamba kinanda chake kina miaka mia mbili, kibonyezo kimoja tu kimekwama. Fundi akapiga magoti kukitazama. Akanyamaza. Fundi kunyamaza! Nikajua kuna jambo.

Kibao cha mbele kilikuwa na jina la dhahabu, la Mwingereza aliyekufa zamani. Fundi akaingiza kichwa chini ya kinanda, akavuta pumzi. Akatoka, akaniambia, "Mama Voi. Nusa."

"Ninuse nini?"

"Nusa, nasema."

Nikapiga magoti na gauni langu la kanisani, nikanusa. Mafuta machafu ya gari.

"Mwambie," akasema Fundi. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Mwambie hii iko miaka tatu. Mwambie mimi."

Nikamwambia yule mama, taratibu kadiri nilivyoweza. Akawa mwekundu, kisha mweupe. Akaenda kwenye simu ya ukumbini akampigia mwenye duka aliyemuuzia. Tulimsikia akisema "yes" na "I see". Aliporudi hakututazama machoni. Alisema mwenye duka anamfahamu huyu bwana, alimtengenezea mguu wa kinanda zamani, na kwamba mzee amechanganya mambo. Akafungua mlango wa nje, kwa adabu kabisa, mbwa akatusindikiza.

Simlaumu sana. Mtu amenunua miaka mia mbili, unamwambia amenunua mitatu, ungetaka afanye nini?

Ndani ya basi Fundi alikaa na sanduku la vifaa magotini. Abiria walikuwa wanapanda na kushuka, yeye anatazama mbele. Halafu akasema, "Jina yangu natoka kwa msasa, Mama Voi. Kama kutu."

"Shitaki."

"Kwa nani? Nani nasikia?" Akapiga sanduku kwa kiganja. "Hapana. Mimi natengeneza ingine. Na ile jina, yeye ataona."

Cha tatu kilimchukua muda mrefu kuliko viwili vya kwanza pamoja. Jina hakuliandika kwa rangi. Alilitoboa. Kila herufi aliikata kwa msumeno mwembamba kama uzi, ikapenya ubao mpaka upande wa pili, kisha akaijaza mbao nyeupe, ikakaa humo kama jino kwenye ufizi. Ukipiga msasa, jina bado lipo. Ukiranda, lipo. Ukitaka kuliondoa kabisa, utabaki na kibao chenye matundu ya jina lile lile. Na kwa kuwa alijua mtu anaweza kung'oa kibao chote aweke kingine, alikigundisha moja kwa moja kwenye gogo linaloshika misumari ya nyuzi. Ukikivunja kibao, gogo linapasuka, nyuzi zote zinalala.

Mwenye duka alikuja kukitazama. Ndiyo, alikuja, na Fundi alimfungulia. Watu wanaotaka spineti hawabishi hodi Saltley, na wote wawili walilijua hilo. Juu ya kile kinanda cha Great Barr, mwenye duka alisema biashara ni biashara, na Fundi akamwambia kwa Kiswahili jambo ambalo sikulitafsiri.

Mzungu akakizunguka kinanda, akabonyeza, akafumba macho. Alikuwa anajua sauti, huwezi kumnyima hilo. Kisha akaona kibao.

"Hakuna atakayenunua spineti yenye jina hilo," akasema. "Si mimi, ni wateja. Liweke chini, kwa ndani. Fundi wa kukaza nyuzi ataliona."

Nikatafsiri.

"Chini iko ya panya," Fundi akasema.

"Basi herufi za mwanzo tu."

"Yeye, mama yake namwita herufi ya mwanzo?"

Hilo nililipunguza makali. Mzungu akainama, akagundua ile gundi, na hapo akakasirika kwa haki kabisa. Kibao kile hutakiwa kutoka, alisema, ili vibonyezo vivutwe nje vikiharibika. Sasa mtu akitaka kutengeneza kimoja atafanyaje?

"Ataita mimi."

"Na ukifa?"

Fundi akagonga kifuniko cha kinanda. "Basi nakaa bubu. Lakini yeye atajua nani alifanya bubu."

Mzungu akaondoka. Kinanda kikabaki. Mimi mwenyewe nilimwambia Fundi amekosea: ametengeneza kitu kizuri ambacho hakitengenezeki, kwa ajili ya ubishi. Hakunisemesha mpaka Jumapili mbili zipite, kisha akaniletea kiti changu kilichokuwa kimevunjika mguu, amekitengeneza bila mimi kumwomba. Ndivyo alivyoomba radhi, au ndivyo alivyosema bado ana haki. Sikuwahi kujua.

Miaka ikaenda. Walikuja watu wawili watatu, wakasikiliza, wakasifu, wakasoma kibao, wakasema watafikiri. Viti vizuri vikaendelea kulala ghorofani. Mkewe akaacha kulalamika kwa maneno, akawa analalamika kwa kufagia. Ufagio ukigonga miguu ya spineti, to, to, Fundi anajifanya hasikii.

Mara ya mwisho kumwona akisimama kwa miguu yake ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya sabini. Nilikuwa nimehamia Bordesley Green karibu na kazi, nikawa nakwenda kwao Jumapili baada ya kanisa. Kifua chake kilikuwa kimeharibika, vumbi la mbao la maisha mazima, na kiwandani walikuwa wamemwachisha. Alikuwa amekonda, ila kilemba kiko sawasawa.

Nilimkuta mwenye duka ameketi kwenye kreti, kofia magotini. Amepata mteja wa kweli, alisema, mtu wa kupiga, si wa kuweka maua juu. Mteja amekisikia, anakitaka. Kazi yote ya kupasua ile gundi na kuweka gogo jipya na kibao kipya ataifanya yeye mwenyewe, kwa uangalifu, na Fundi atapata chake chote. Alisema kwa upole. Nafikiri alikuwa anamhurumia kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilimtafsiria, nikangoja moto.

Fundi akatazama ile sebule. Akatazama mlango wa jikoni, ambako mkewe alikuwa anakanda unga. Akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Sawa," akasema. "Toa."

"Fundi!" nikasema.

"Toa, Mama Voi, mwambie natoa. Huyu mke yangu amekaa na maranda miaka ngapi? Achukue. Yeye naweka viti yake."

Mzungu hakungoja tafsiri, uso ulimwambia. Akasimama, akaweka mkono juu ya kifuniko.

Mkewe akatokea mlangoni, unga umemfika viwikoni. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti kwa mgeni. Akapita katikati yetu, akasimama kati ya yule Mzungu na kinanda, akafoka kwa Kiswahili kabisa, kile kile cha mumewe:

"Wewe! Toa mkono! Hii jina unajua ya nani? Hii mimi nimebeba kutoka Nairobi! Nimeandika pasipoti, nimeandika kliniki, watoto yangu naandika shule! Na wewe nakuja hapa na kofia yako natoa kama ganda ya ndizi? Kwanza enda toa jina ya duka yako! Enda!"

Mwenye duka akanigeukia. "What does she say?"

"She says no," nikamwambia.

Akavaa kofia. Pale alipokuwa ameweka mkono palikuwa na alama ya vidole vya unga, kwa maana yule mama alikuwa ameshika kinanda kwa mikono yote miwili, nyuma yake, kama mtu anayezuia mlango. Mlango wa nje ukafungwa. Fundi bado ameshika ukuta.

"Na viti?" akamuuliza mkewe hatimaye.

"Viti gani?" Akawa anafuta unga kwenye kibao kwa ncha ya shali yake, taratibu, herufi moja moja, akiingiza kucha kwenye kona kama mtu aliyezoea kuzisafisha. Akafika mwisho, akaibonyeza herufi kwa kidole, akamtazama mumewe kwa ukali.

"Hii ya mwisho imelegea. Weka gundi kabla ya chakula."